Mnangoja busu, mathe anangoja msamaha

Kuna swali mmeniuliza mara nyingi hadi nimeona nilijibu kwa kuandika, juu nikilijibu kwa vidio nitaanza kuigiza sauti za watu, na leo sitaki kuigiza mtu. Mnauliza hivi: kati ya tamthilia zote na sinema zote za mapenzi ambazo nimewahi kuchamba hapa, ni kipande gani kimoja kinanimaliza? Kile ambacho hata nikikiangalia mara ya ishirini bado chai inapoa mkononi.

Najua wengi mnangoja nitaje busu fulani. Ama harusi. Ama yule jamaa wa Love Actually na makaratasi yake mlangoni kwa bibi ya rafiki yake, ambaye kusema ukweli kwetu angefukuzwa na fimbo.

Jibu langu linatoka Titanic, lakini si pale mnapofikiria. Si pale mbele ya meli wametandaza mikono kama watu wanaanika nguo. Si ule mlango pia, na tafadhali tusianze tena mjadala wa kama Jack angetoshea, tuliumaliza. Ni kule chini, kwenye kachumba, Jack amefungwa pingu kwenye bomba, maji yanapanda, halafu Rose anaingia. Nitarudi hapo. Kwanza niwaeleze nilifikaje, maana miaka michache iliyopita hata mimi ningewachagulia busu.

Mwaka wa 2020 nilikuwa kidato cha nne. Shule zikafungwa Machi, tarehe 27 kafyu ikaanza, na saa moja jioni ikifika Kenya nzima iko ndani. Kwetu "ndani" ni chumba kimoja na pazia katikati, huku Kayole. Mimi, ndugu yangu mdogo, na mathe ambaye alikuwa ameambiwa na mdosi wake akae nyumbani hadi corona iishe, bila mshahara bila nini. Watu watatu, TV moja ndogo ya zamani, na baada ya taarifa za saa moja, Maria.

Kama ulikuwa Kenya wakati huo huhitaji kuelezwa. Ilianza Citizen mwaka wa 2019 ikatupeleka hadi 2021. Maria, ambaye aliigizwa na Yasmeen Said, ni msichana yatima wa mtaani anayeingizwa kwenye nyumba ya matajiri, familia ya Hausa. Kijana wa hiyo nyumba ni Luwi, Brian Ogana, na Luwi tayari ana mchumba, Sofia. Mengine mnayajua. Ploti yetu ina nyumba kumi na mbili kila ghorofa, na Maria ikianza ungesikia maneno yaleyale yakitoka milango sita, moja imechelewa kidogo nyuma ya nyingine, kama mwangwi. Hakuna mtu alikuwa anauliza "jana iliishia wapi". Kila mtu alijua jana iliishia wapi.

Mimi nilikuwa na kiburi cha mtoto anayesoma fasihi. Si nilikuwa na Chozi la Heri na Kigogo mezani, najua sadfa ni nini, najua taharuki ni nini, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuwaharibia wenzangu utamu. "Huyo atageuka." "Hiyo barua itapotea." Mathe alikuwa ananiambia nyamaza, ndugu yangu ananirushia mto. Na kilichowaudhi zaidi ni kwamba mara nyingi nilikuwa napatia.

Baadaye nilielewa kwa nini nilikuwa napatia. Hii hadithi ni ya zamani kuliko mathe. Mwaka wa 1979 huko Mexico walitengeneza Los ricos también lloran, ile ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Rich Also Cry. Msichana maskini anaitwa Mariana, tajiri anamchukua akae kwake, kijana wa nyumba anaitwa Luis Alberto. Mwaka wa 1995 wakaitengeneza upya ikawa María la del barrio, stering akiwa Thalía. Sasa msichana ni María, anatoka mtaa wa watu wanaookota takataka, kijana anaitwa Luis Fernando. Adui wa hiyo, Soraya, mnamjua hata kama hamjui mnamjua. Ni yule mwanamke anayepiga kelele kama kichaa kwenye vile vipande mnavyotumiana kila siku kwa simu. Halafu 2019 unawasha TV Kayole unakutana na Maria na Luwi. Luis, Luwi. Sisemi mtu ameiba kitu, hadithi ya yatima kwa nyumba ya tajiri ni ya kila mtu, hata nyanya zetu walikuwa nayo kabla ya stima kufika. Nasema tu nikiona hilo jina nilicheka nikiwa peke yangu.

Na kicheko hicho ndicho kilinipeleka pabaya.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sitarudia hiyo hadithi yote leo, sehemu moja ilikuwa karo na sehemu nyingine ilikuwa mimi. Nilirudi nyumbani na simu yenye kioo kimepasuka nikaanza kuchamba tamthilia, na watu wakapenda. Vidio iliyonifungulia njia ni ile ya "wamama wa telenovela". Kama ulinifuata mapema uliiona. Nimejifunga leso, nimekalia kijistuli cha jikoni, nimeshika sufuria ya sukuma, naongea na TV. "Usimwamini huyo! Geuka! Yuko nyuma yako!" Halafu nalia, najipangusa na leso, naonja chumvi, naendelea kulia. Zaidi ya watu laki mbili waliiangalia. Ile leso ilikuwa ya mathe. Kijistuli ni cha mathe. Yale maneno ni ya mathe, neno kwa neno.

Aliiona kwa simu ya jirani, siku ya chama, mbele ya wenzake. Wote walicheka, akacheka nao. Alirudi nyumbani akapika, tukala, hakusema kitu. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu, tukiwa tunakunja nguo, akaniambia: "Umeniiga vizuri. Lakini hujui kile huwa natazama."

Nikamwambia najua, si unatazama mapenzi. Akasema mapenzi ya watoto wa watu yanamhusu nini yeye. Nikasema basi ni zile nyumba kubwa, ngazi, magari. Hapo akanicheka kwa kweli. Mathe amefanya kazi kwenye nyumba za watu tangu kabla nizaliwe. Ngazi anazijua kwa kuzipiga deki.

Ndipo akanipa hii hadithi, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nikiwa darasa la kwanza alikuwa anafanya kazi kwa nyumba moja upande ule mwingine wa jiji, Jumatatu hadi Jumamosi. Siku moja bahasha ya elfu nane ya mdosi wake ikapotea. Mkoba wake ukamwagwa kwenye kapeti. Kitambulisho, nauli, dawa ya ndugu yangu ya kikohozi, vyote pale chini. Anasema kilichomuuma si mkoba. Ni kwamba wale watoto aliokuwa anawaosha kila asubuhi walikuwa wamesimama mlangoni wakiangalia. Akaambiwa aende, na mshahara wa mwezi huo, elfu tatu na mia tano, ukabaki kulipia bahasha.

Baada ya wiki tatu, yaya wa jirani wa huko akampigia simu. Bahasha ilipatikana. Ilikuwa kwa gari la mzee wa nyumba, pale mbele panapowekwa makaratasi.

Hakuna aliyempigia. Miezi ikapita. Halafu siku moja yule yaya akaletewa mfuko amfikishie mathe, nguo za watoto zimekunjwa vizuri. Ndani kulikuwa na sweta ya manjano yenye vifungo vya mti. Niliivaa hadi darasa la tatu. Nilikuwa naipenda kuliko nguo zangu zote, kuna picha yangu nimeivaa hapa ukutani, na miaka hiyo yote nilikuwa nikiulizwa nasema ni ya kununuliwa.

Kwa hivyo kuna mtu alijua. Alijua amekosea, akaenda kabatini, akachagua nguo, akazikunja, akatafuta wa kuzipeleka. Alifanya kila kitu isipokuwa kimoja.

"Sasa mimi," mathe akasema, "huwa nangoja ile siku ukweli unatoka. Yule mama mwenye nyumba anasimama mbele ya watu wote, hata wale wafanyakazi wako hapo, anamwambia yule msichana, nilikukosea. Hiyo sijawahi kuiona kwa macho yangu. Naiona hapo tu." Akaelekeza kidole kwa TV, ambayo hata haikuwa imewashwa.

Tangu siku hiyo sijatazama hivi vitu vilevile. Nilirudi nikaviangalia upya, vya kwetu na vya nje, nikiwa na swali moja: nani anamwomba nani msamaha? Na nawaambia, ukiingia na hilo swali utaona mambo.

Chukua Maid in Manhattan ya 2002. Nilikuwa naipenda. Jennifer Lopez ni Marisa, mfanyakazi wa hoteli anayesafisha vyumba. Anajaribu koti la mgeni mmoja, anaonekana na mwanasiasa anayegombea useneta, jamaa anadhani ni mgeni wa hoteli, mapenzi yanaanza. Ukweli ukitoka, Marisa anafutwa kazi. Sasa ngoja mwisho. Mtoto wa Marisa anasimama mbele ya waandishi wa habari anamuuliza yule mwanasiasa kama ni sawa mtu aliyekosea asamehewe. Na anayezungumziwa ni nani? Ni mamake! Mfanyakazi ndiye anasamehewa! Amesafisha vyoo vya watu miaka yote hiyo, wageni wanampita kama ukuta, jamaa mwenyewe hangemwona angekuwa amevaa nguo za kazi, na bado sinema inataka sisi tushukuru kwamba bwana mkubwa ana moyo wa kusamehe koti. Nilimwekea mathe akaiangalia yote kimya. Ilipoisha akauliza, "Na yeye, hakuna kitu anaomba?" Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini yake, na imeshinda vidio yangu yote ya dakika nane.

Wakorea angalau wanajua hesabu. Boys Over Flowers ya 2009, ile ya msichana wa watu wa kufulia nguo na kijana wa kampuni kubwa: mama ya kijana anakuja hadi nyumbani kwa kina Jan-di na pesa nyingi ili msichana aachane na mwanawe. Mama ya Jan-di anachukua chumvi anammwagia kichwani. Mathe alisimama. Namaanisha alisimama kabisa kutoka kwa kiti. Halafu akasema chumvi yote hiyo ni hasara, lakini akasema akiwa amesimama. Ila hata hapo, ukiangalia vizuri, maskini amejibu, amejitetea, amebaki na heshima yake, lakini bado hajaombwa msamaha. Kumwaga chumvi ni kitu unafanya ukijua hutaombwa.

Sasa Titanic. Mnaikumbuka ile almasi kubwa ya samawati? Mchumba wa Rose, Cal, ana mtumishi wake anaitwa Lovejoy. Lovejoy anaitia almasi kwa mfuko wa koti la Jack kisirisiri. Wanampekua mbele ya watu, inatoka. Mwizi. Na Rose hapo anasita. Huo ndio ukweli ambao huwa tunauruka tukikimbilia maji. Rose aliyemvulia nguo amchore, anamwangalia Jack akipelekwa na pingu na kwa muda anaamini. Jack anamwambia hakufanya, na yeye anabaki amesimama pale tu.

Baadaye meli inazama, Rose ana nafasi kwenye mashua ya kuokolewa, anakataa, anashuka kule chini. Anamkuta Jack kwenye bomba na jambo la kwanza analofanya ni kumwomba msamaha, tena na tena. Jack anamuuliza alijuaje kwamba si yeye. Na jibu lake ni kwamba hakuna aliyemthibitishia, aligundua tu kwamba moyoni alikuwa anajua tangu mwanzo. Halafu anaenda kutafuta shoka.

Mathe alikuwa ameiona Titanic mara nyingi, kwa DJ wa mtaani na kwa TV. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kwa kipande hicho kwa sababu kila mara mimi nilikuwa nangoja kile cha mlango. Safari hii nilikuwa naangalia yeye, si TV. "Hakungoja bahasha ipatikane," alisema. Ndio, alisema bahasha. Sikumrekebisha.

Hicho ndicho kipande changu. Nimewajibu.

Lakini sijamaliza, juu kuna watu nawajua watasema ni burudani tu, mbona nabeba mzigo. Sawa. Wacha niwapeleke Peru kidogo, 1969, kwenye telenovela inaitwa Simplemente María. Stering ni msichana wa mashambani anakuja mjini kuwa mfanyakazi wa nyumba, anajifunza kushona usiku, anapanda hadi anakuwa mbunifu mkubwa wa mitindo. Wafanyakazi wa nyumba wa Lima waliipenda kiasi kwamba mauzo ya cherehani za Singer yalipanda na wasichana wakajaa kwenye madarasa ya kushona. Na walipoenda kanisani kurekodi harusi ya María, maelfu ya watu walijitokeza nje, wengine wamevaa vizuri kama walioalikwa. Wajanja wa mjini bila shaka waliwacheka, juu wajanja wa mjini ndio sisi, kazi yetu ni hiyo. Lakini yule aliyejifunza kushona alijifunza kushona. Mimi ninayewacheka nina diploma gani? Sina.

Kuna upande mwingine wa hii hadithi na siwezi kuuruka, hasa nikiandikia wasichana wa rika langu. Msamaha katika sinema za mapenzi una jina baya na linatokana na kitu halisi. Ni yule chali anamzaba dem kofi kwa sehemu ya arobaini, sehemu ya arobaini na moja kuna wimbo wa polepole, mvua, maua, yeye amepiga magoti, na sisi tunaambiwa tulie. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kwa sababu ya wenzetu waliouawa, na nilikuwa huko na bango langu la katoni. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepakia vidio nikisifu kipande cha aina hiyo, ati "kemia". Niliifuta usiku nikirudi. Kwa hivyo mtu akiniambia tamthilia zinafundisha wasichana kusamehe ujinga, sibishani naye.

Nilimuuliza mathe kuhusu hao wa maua. Hata hakufikiria. "Huyo haombi msamaha. Anaomba kurudishwa." Halafu akaongeza kwamba anayeomba msamaha kwa kweli huwa hana haraka ya jibu, anasema alichofanya, anakitaja kwa jina, na anaweza kwenda zake bila kusamehewa. Yule wa maua hataji kitu. Sikiliza vizuri siku nyingine: "Mimi bila wewe siwezi, mimi nateseka, mimi silali." Yote ni yeye tu. Kofi halijatajwa popote.

Na hapa ndipo nina ugomvi na waandishi wetu wa Kenya, kwa mapenzi kabisa, juu nataka mfaulu. Mnajenga sehemu mia mbili za uovu. Mama mkwe ameficha barua, amebadilisha vipimo vya hospitali, amemsingizia msichana wizi. Tunavumilia miezi. Halafu mwisho adui anapata ajali. Ama anakuwa kichaa. Ama anapelekwa jela akicheka. Ni njia rahisi, naelewa, ratiba imebana, mwigizaji ameshapata kazi kwingine. Lakini mmetudhulumu. Maiti haiombi msamaha. Kichaa hajui alichofanya. Mlikuwa mmetuahidi kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye nyumba na jina, atamwangalia msichana machoni na kutaja alichofanya, na badala yake mkatupa gari linawaka moto. Hata Wamexico hawajambo sana kwa hili, Soraya mwenyewe alimalizwa na moto. Mathe akiona gari la adui linaanza kuyumba barabarani huwa anaamka kwenda kuosha vyombo.

Tena sisi tuna lugha ambayo ingeifanya hiyo kazi vizuri kuliko lugha nyingi. Angalia tulivyo na maneno. Kuna pole, ambayo ni ya mtu aliyepata taabu, hata kama mimi sikuhusika. Kuna samahani, ambayo ni ya kupita kwenye matatu watu wakunje miguu. Halafu kuna nimekukosea, nisamehe, ambayo haina mahali pa kujificha, kosa liko hapo, mkosaji yuko hapo, aliyekosewa yuko hapo, vyote ndani ya neno moja. Nime-ku-kosea. Tamthilia zinazoandikwa Kinairobi zinaitupa hiyo. Mtu amemwibia dadake mume, anasema "pole". Mtu amekuficha babako miaka ishirini, anasema "pole sana". Ndio maana nikikosoa Maria, Zora na Sultana kwa mambo yangu kumi na tano, hili nawapa Jiffy Pictures, Lulu Hassan na Rashid Abdalla, watu wa Pwani: wahusika wao wanaongea Kiswahili chenye magoti. Anayekosa akitaka kuomba msamaha, maneno anayo.

Ingawa labda si waandishi tu. Labda wanaandika kile wanachokiona. Nani hapa amewahi kuombwa msamaha na mtu mzima? Kwetu mzazi akikukosea anakuita chakula kiko tayari. Ukiona kipande cha nyama ni kikubwa kuliko kawaida, jua hilo ni tamko rasmi. Mwalimu akikupiga kwa kosa la mwingine anakuchagua ufute ubao. Mdosi anatuma sweta. Tumekuwa na ujuzi wa kuzungusha hilo neno hadi tukilisikia kwa TV machozi yanatutoka na hatujui kwa nini, tunadhani ni ya mapenzi.

Sasa mimi na ile vidio. Nilikaa nayo wiki nzima baada ya ile siku ya kukunja nguo. Nitakuwa mkweli, ilikuwa bado inaingiza pesa, kidogo, lakini ya stima ilikuwa inatosha. Nilimnunulia mathe leso mpya kwanza. Ya manjano, sikufikiria hata, ni baada ya kulipa ndipo nilijiona. Nikaiacha kwa meza imekunjwa. Akaiona, akaishika kitambaa, akasema ni nzuri, akaiweka kando. Hakuivaa.

Jioni yake nikaitoa ile vidio. Nikaenda nikasimama mbele yake, alikuwa kwenye kile kijistuli, anachambua mboga, kipindi kimeanza. Nikasema, "Mathe, pole kwa ile vidio."

Akasema, bila kuinua macho, "Pole ni ya mtu ameanguka. Mimi nimeanguka?"

Nikakaa hapo. Ndugu yangu akapunguza sauti ya TV, yule mtoto ana akili. Nikasema nimekukosea, nilikuiga kwa watu laki mbili wakucheke, na nilitumia leso yako, na sikukuuliza. Yote hayo nikiwa nimesimama, mikono sijui niiweke wapi, na ni maneno mafupi tu lakini niliyasema kama mtu anapanda ngazi na mtungi wa maji.

Mathe akaniangalia kidogo. Halafu akasema, "Sogea, unanizibia. Huyu mama anataka kusema ukweli."